Flashi zisizo na waya kwa studio ndogo Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga studio ya chumba kimoja, kama zile za Mwanjelwa, Uyole, Miyomboni, Makambako au Tukuyu: chumba cha mita 3 kwa 4, kamera moja, wateja wa pasipoti saizi siku za wiki, na familia, wahitimu na maharusi Jumamosi. Bajeti ni ndogo, kwa hiyo kila kitu kinachonunuliwa lazima kifanye kazi kesho yake asubuhi.

"Isiyo na waya" maana yake haihitaji umeme?

Hapana. Maana yake ni kwamba hakuna waya kati ya kamera na flashi. Kifaa kidogo kinachokaa juu ya kamera, ambacho wengi tunakiita triga, kinatuma ishara ya redio ya masafa ya 2.4 GHz, na flashi inawaka wakati uleule shata (pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga uingie) inapofunguka. Nguvu yenyewe inaweza kutoka kwenye betri au kwenye soketi ya ukutani, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ninunue flashi ndogo ya betri au taa kubwa ya kuchomeka ukutani?

Jibu linategemea mambo mawili: unapiga watu wangapi kwa pamoja, na umeme wa mtaani kwako ukoje.

Flashi ndogo, ile inayoweza kukaa juu ya kamera, inatumia betri nne za AA. Mfano unaopatikana kwa bei ya chini ni Godox TT600. Ni ya kupanga nguvu kwa mkono, ina redio ndani yake, na ukitumia betri nzuri za kuchaji inatoa takriban miwako 230 ya nguvu kamili. Yongnuo YN560 IV ni ya kundi hilohilo. Flashi moja ya aina hii inatosha mtu mmoja au wawili, na unaweza kuiweka kwenye begi ukaenda nayo kwenye kipaimara Ilembula bila kuuliza kama ukumbi una umeme.

Taa ya studio ya kuchomeka, kama Godox MS300 au SK400II, ina nguvu ya jouli 300 au 400 (jouli ni kipimo cha nguvu ya mwako). Flashi ndogo iko kwenye jouli 60 hadi 75 hivi. Tofauti hiyo ni karibu mara nne au tano, yaani stopu mbili za mwanga (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili). Watu wengi hukosea hapa: wanadhani flashi ndogo mbili zitalingana na taa moja kubwa. Flashi mbili zinaongeza stopu moja tu. Ili kupata stopu mbili unahitaji nne, pamoja na betri 16. Faida nyingine ya taa kubwa ni balbu ya kuelekezea, wati 150, inayokuonyesha kivuli kitaangukia wapi kabla hujapiga. Kwa anayejifunza, balbu hiyo ni mwalimu. Ikiwaka kwa muda wa saa nne inakula uniti 0.6 za Luku, kwa hiyo izime mteja anapotoka.

Ushauri wetu kwa anayeanza: nunua flashi ndogo moja, triga moja, stendi imara na mwavuli au softiboksi kubwa (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga). Kazi za familia na mahafali zikianza kukuletea pesa ya uhakika, ongeza taa ya kuchomeka ya familia ileile ya redio. Usianze na zile seti za taa tatu hafifu zinazouzwa ndani ya boksi moja. Nyingi si flashi kabisa, ni balbu za kuwaka muda wote, na mwanga wake ni mdogo kiasi kwamba utalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi picha ichafuke.

Mnaposema "familia ileile ya redio" mnamaanisha nini?

Vifaa vyote viwe vinaongea lugha moja. Triga ya Godox X2T au XPro inaendesha TT600, MS300, SK400II na AD200 (flashi ya betri yenye nguvu zaidi) kwa pamoja, na unabadilisha nguvu ya kila taa ukiwa umesimama kwenye kamera. Triga hiyohiyo haiendeshi Yongnuo. Kwa upande wa Yongnuo, YN560 III na IV zinapokea ishara za triga za RF-603, RF-605 na kidhibiti cha YN560-TX, nazo hazimsikii Godox.

Mpiga picha anayenunua flashi moja ya huku na nyingine ya kule kwa sababu ya ofa anaishia kuwa na vifaa vinavyowashwa kwa kuonana mwanga tu. Flashi nyingi zina hali hiyo, huandikwa S1 au S2: inaona flashi nyingine ikiwaka, nayo inawaka. Ndani ya chumba chako inafanya kazi vizuri, na kama kamera ina flashi yake ndogo unaweza kuitumia kuwasha kubwa bila kununua triga. Weka flashi ya kamera kwenye hali ya mkono, nguvu ya chini kabisa, kisha ile kubwa iweke kwenye S1. Ukiiacha kwenye otomatiki inatoa mwako wa awali wa kupima mwanga, na flashi yako itawaka mapema kabla ya picha. Hapo ndipo S2 inahitajika, kwa kuwa inaupuuza mwako wa kwanza. Ukumbini usiitegemee njia hii, maana kila mgeni mwenye kamera atakuwa anawasha flashi yako na kumaliza betri zako.

Triga huuzwa kwa herufi ya kamera: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. TT600 ya kawaida haikai sawasawa kwenye Sony za sasa, ndiyo maana kuna TT600S. Ikiwa nje ya kamera, kwenye stendi, herufi ya flashi haina tatizo. Cha kulinganisha na kamera ni triga.

Nina Canon 2000D. Flashi nimeweka betri mpya, haiwaki ikiwa juu ya kamera. Nimeuziwa mbovu?

Huenda flashi ni nzima. Angalia pale juu ya kamera panapochomekwa flashi. Kamera nyingi zina kidoti cha shaba (pini) katikati, kikubwa kuliko vingine. Hicho ndicho kinachotoa amri ya kuwaka kwa flashi yoyote ya kawaida. Canon waliiondoa pini hiyo ya katikati kwenye baadhi ya kamera za bei ya chini, zikiwemo 2000D, 4000D na 250D. Nchi nyingine zinaitwa 1500D, 3000D na 200D II, nazo zina kasoro ileile.

Kwenye kamera hizo TT600, YN560 na triga zote rahisi za pini moja hazitawaka, hata ukinunua kumi. Kinachofanya kazi ni triga inayowasiliana na Canon kwa pini ndogo, kama X2T-C au XPro-C, ikiwa na programu ya ndani iliyosasishwa. Unaisasisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta. Ukinunua, mwambie muuzaji aijaribu kwenye kamera yako hiyohiyo kabla hujalipa. Kama kamera bado hujanunua, tafuta ya mtumba yenye pini kamili, mfano 600D au 700D. Kwa studio zina faida kuliko mpya isiyo na pini.

Je, nilipie zaidi nipate TTL?

Kwa studio, hapana. TTL ni flashi kujipimia yenyewe. Inasaidia ukimkimbilia bibi harusi mlangoni. Mteja akiwa amekaa kwenye kiti kisichosogea, nguvu ya kupanga kwa mkono inakupa picha ya hamsini sawa na ya kwanza. TTL itabadilika kila mteja akivaa shati jeupe baada ya mwenye koti jeusi.

Nusu ya picha ni nyeusi, kama imefunikwa na ubao.

Shata yako ni ya kasi mno. Mapazia ya shata hayajafunguka yote flashi inapowaka, kwa hiyo sehemu ya picha haipati mwanga. Kikomo cha Canon nyingi ndogo ni 1/200 ya sekunde, Nikon D3500 pia 1/200, Sony a6000 ni 1/160. Triga za bei nafuu huchelewa kidogo, kwa hiyo weka 1/125 na uiache hapo. Studio hakuna sababu ya kwenda juu zaidi: kinachogandisha mwendo ni mwako wa flashi, ambao ni mfupi sana kuliko shata.

Kipimo chepesi: weka 1/125, f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 100, zima flashi, piga. Picha ikitoka nyeusi kabisa, mwanga wa dirishani na wa balbu ya dari hauingilii. Ikionyesha sura ya mtu, funga pazia.

Betri gani? Za dukani zinaisha haraka mno.

Betri za kawaida za redio, zile za bei ya chini kabisa, hazifai hata kwa kujaribu. Flashi inavuta umeme mwingi kwa mara moja nazo haziwezi kuutoa. Alkaline zinaanza vizuri, lakini baada ya miwako michache unasubiri sekunde nyingi taa ya "tayari" iwake.

Nunua za kuchaji za NiMH, zile zinazotunza chaji muda mrefu, za 1,900 hadi 2,000 mAh (kipimo cha chaji) kama Eneloop. Kila flashi iwe na nane: nne zinafanya kazi, nne ziko kwenye chaja. Ukikuta AA imeandikwa 4,800 au 9,800 mAh, iache hapohapo. AA ya kweli ya NiMH haivuki sana 2,700. Chaja iwe na taa ya kila betri peke yake. Zile zinazochaji mbilimbili hujaza moja kupita kiasi na kuiacha mwenzake na njaa, na seti nzima inakufa mapema. Weka alama kwa kalamu, seti A na seti B, wala usizichanganye. Betri moja dhaifu inazivuta zote tatu chini.

Mwezi wa sita na wa saba, hasa Makete, Njombe na milima ya Uporoto, asubuhi betri huwa nzito kwa baridi. Zibebe mfuko wa ndani wa koti, siyo kwenye begi lililolala garini. Tena, ukitoka kwenye ukungu ukaingia ukumbi uliojaa watu, usifungue begi mara moja. Liache limefungwa dakika 20 hadi 30 vifaa vipate joto taratibu, vinginevyo lenzi na kioo cha flashi vitatoa jasho, na unyevu ndani ya flashi yenye volti mia kadhaa si mchezo.

Jambo linalookoa betri kuliko yote ni kupunguza nguvu. Ukishuka kutoka nguvu kamili hadi robo, seti ileile inatoa miwako karibu mara nne, na flashi haichemki. Ukilazimika kutumia nguvu kamili mfululizo, baada ya miwako 30 ipumzishe TT600 dakika 10. Ukiisukuma tu, kioo cha mbele kinayeyuka kingo na kugeuka kahawia.

Umeme ukikatika, taa kubwa naweza kuiendesha kwa inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) au jenereta?

Jenereta ndogo ina hatari wakati wa kuwashwa na wakati mafuta yanapokaribia kuisha, kwa kuwa volti inapanda na kushuka. Washa jenereta kwanza, subiri itulie, ndipo uchomeke taa. Na uichomoe kabla hujazima. Inverta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini la umeme huchemsha na kuharibu taa za studio, kwa hiyo usizitumie. Mahali ambapo umeme unakatika kila wiki, flashi ya betri ndiyo jibu. Mwenye uwezo zaidi aangalie Godox AD200: jouli 200, betri ya lithiamu inayotoa miwako 500 hivi ya nguvu kamili, inaingia kwenye begi dogo.

Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Na ukinunua taa ya mtumba, geuza usome kibandiko cha volti kabla ya jambo lolote. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa kutoka Japani vinaweza kuwa vya 100, na vya Marekani 120. Ukivichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu. Vinavyopitia Tunduma kutoka Zambia havina shida hiyo, kwa kuwa volti na plagi zao zinaoana na zetu.

Mwavuli au softiboksi?

Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga ndio wa bei ya chini, na wa sentimita 100 hivi unatoa mwanga laini sana. Kasoro yake ni kumwaga mwanga kila upande, na hapo rangi ya kuta inaingia kwenye picha. Vyumba vingi vya kupanga vimepakwa rangi ya mafuta ya kijani au bluu nusu ya chini ya ukuta. Mwanga unagonga pale, unarudi kwenye shavu la mteja, naye anaonekana mgonjwa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoliondoa hilo vizuri, maana shavu moja lina kijani na jingine halina. Paka chumba rangi nyeupe au ya kijivu isiyong'aa. Kama mwenye nyumba hataki, tundika shuka jeupe upande wa ukuta ulio karibu na mteja, au tumia softiboksi, ambayo inabana mwanga uende mbele tu.

Softiboksi ya mraba wa sentimita 60 inatosha kichwa na mabega. Kwa mtu mzima wa kusimama tafuta ya 80 kwa 120. Kwa flashi ndogo unahitaji bano lenye umbo la herufi S, ambalo linaishika flashi bila kuivunja shingo na linapokea softiboksi za mdomo wa Bowens (aina ya kishikio kinachotumika kwenye taa nyingi za studio). Ukinunua softiboksi za mdomo huo, zitaingia pia kwenye MS300 au SK400II ukifika wakati wa kuongeza.

Stendi iwe na kifuko cha mchanga mguuni, kilo 4 au 5. Taa nyingi zinazofika kwa fundi hazikuungua, zilianguka.

Nina flashi moja. Naipangaje kwa pasipoti saizi?

Weka kiti mita 1.5 mbele ya pazia, ili kivuli cha kichwa kianguke chini badala ya kubaki nyuma ya masikio. Softiboksi isimame mita 1 hadi 1.2 kutoka usoni, karibu na upande wa kamera, kitovu chake juu kidogo ya macho, imeinamishwa kumwelekea mteja. Upande wa pili weka bango jeupe, hata kipande cha jipsamu, nusu mita kutoka shavuni. Linarudisha mwanga na kujaza kivuli. Kamera kwenye M (kupanga kwa mkono): ISO 100, 1/125, f/8, na rangi ya mwanga (white balance) kwenye alama ya flashi, siyo otomatiki. Flashi anza na robo. Uso ukiwa mkali, shuka hadi 1/8. Ukiwa na giza, panda hadi nusu, au sogeza softiboksi karibu.

Kusogeza kuna nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Ukipeleka taa kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga unaongezeka mara nne. Ukishaipata picha nzuri, bandika gundi ya karatasi sakafuni penye miguu ya kiti, stendi na mahali pa kusimama mpiga picha. Hata msaidizi akibaki peke yake studio, picha zitafanana.

Mbona uso wa mteja unang'aa kama umepakwa mafuta?

Mara nyingine umepakwa kweli, na kitambaa kikavu au poda kidogo inatosha. Lakini sababu kubwa ni chanzo cha mwanga kuwa kidogo. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kama kioo, na flashi tupu inaacha nukta nyeupe kali kwenye paji la uso na pua. Softiboksi kubwa iliyo karibu inaigeuza nukta ile kuwa mng'ao mpana, mpole, unaoonyesha umbo la uso. Ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi zaidi. Inataka mwanga mpana. Kupandisha nguvu kunaunguza gauni jeupe na kola ya shati, wakati uso unabaki vilevile na nukta zake.

Familia ya watu kumi: waliokaa mbele weupe, wa nyuma giza.

Taa iko karibu mno. Mstari wa mbele ukiwa mita 2 kutoka kwenye taa na wa nyuma mita 3, wa mbele wanapata mwanga mara 2.25 ya wenzao. Irudishe taa hadi mita 4 na 5, tofauti inashuka hadi mara 1.56, na ukiinua stendi juu ikawaelekea wa nyuma, inakaribia kwisha. Gharama yake ni nguvu, na hapa ndipo jouli 300 zinapolipa. Kwa joho jeusi mbele ya pazia jeusi, flashi ya pili iwekwe nyuma pembeni, robo ya nguvu ya ile ya mbele, ikichora ukingo wa bega na kofia.

Flashi inawaka mara moja, mara nyingine inagoma.

Fuata mpangilio huu. Kwanza betri, za flashi na za triga. Pili chaneli, namba ya utambulisho na kundi. Vyote vilingane pande mbili. Tatu umbali, na hili ndilo linalowashangaza watu: triga za Godox zikiwa chini ya mita moja na flashi zinaweza kushindwa kuelewana, kwa kuwa ishara ni kali kupita kiasi. Kwenye menyu ya X2T na XPro badilisha umbali kutoka 1-100 m uwe 0-30 m. Nne, kitako cha triga kina vumbi. Kiangazi, kuanzia mwezi wa saba, vumbi jekundu la Makambako na Iringa linaingia kila mahali. Futa pini kwa kitambaa kikavu. Mwisho, unapiga kabla flashi haijajaa.

Nikinunua ya mtumba niangalie nini?

Nenda na betri zako na kamera yako. Piga nguvu kamili mara kumi, ukihesabu sekunde kati ya mwako na mwako. TT600 yenye betri nzuri haizidi sana sekunde 2.6, ikichukua nane, kapasita (kifaa cha ndani kinachotunza umeme wa mwako) imechoka. Tazama nyumba ya betri: unga wa kijani au mweupe ni dalili ya betri zilizovujia ndani. Kioo cha mbele kikiwa cha kahawia, imechemshwa sana. Weka flashi upande wa pili wa mtaa, mita 20 au 30, ujaribu redio. Betri ya lithiamu iliyovimba, hata kidogo, usiichukue hata ukipewa bure.

Ikitumwa kwa basi kutoka Kariakoo, mwambie muuzaji atoe betri, aichomoe balbu ya kuelekezea na kuifunga peke yake, na avalishe kifuniko cha mbele. Fungua boksi palepale ofisi ya basi. Bomba la kioo usilishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanalifanya lipasuke likipata moto.

Imeharibika. Naweza kuifungua mwenyewe?

Usifungue. Kapasita inatunza volti zaidi ya 300 hata siku kadhaa baada ya kutoa betri, na inaweza kuua. Mpeleke fundi anayejua kuitoa chaji kwanza, na umuulize ataitoaje kabla hujamkabidhi. Taa ya kuchomeka isiyotumika miezi mingi, kwa mfano msimu wote wa mvua, iwashe kwa muda wa saa moja bila kupiga, kisha anza na nguvu ya chini na kupanda taratibu. Kapasita iliyolala muda mrefu ikipewa nguvu kamili ghafla inaweza kupasuka.